Garand M1 inapogoma: soma dalili kabla ya kununua kipuri

Bunduki ya Garand M1 haichakai ovyo. Jeshi la Marekani liliipokea rasmi mwaka 1936, kiwanda cha serikali cha Springfield kule Massachusetts kikaitengeneza kwa mamilioni pamoja na Winchester, na miaka ya 1950 wakaongezeka International Harvester na Harrington & Richardson. Italia nayo ilitengeneza zake kwa Beretta na Breda. Zilizo mikononi mwa wakusanyaji leo nyingi zimezunguka dunia kwa misaada ya kijeshi kabla ya kurudi Marekani: Denmark, Ugiriki, Korea, hata Ethiopia, ambayo askari wake wa kikosi cha Kagnew walizibeba vitani Korea kuanzia 1951. Kwa hiyo bunduki iliyo "katika hali nzuri" huwa imepita karakana moja au mbili za jeshi na kubadilishwa vipuri, na si ajabu ikawa na mtutu wa mwaka mmoja na bolti ya mwaka mwingine.

Ikianza kugoma, wengi hukimbilia tupa au duka la vipuri, na hapo ndipo thamani inapopotea. Sehemu kubwa ya matatizo yake hutoka kwenye vitu vinne visivyohitaji ufundi: klipu (kibanio cha chuma kinachoshika risasi), risasi, grisi na springi. Anza na hivyo, kwa mpangilio huohuo. Kipuri chenye namba ya mchoro wa zamani kikishaguswa na tupa hakirudi.

Kabla ya kugusa chochote, vuta nyuma mpini wa fimbo ulio kulia mpaka ushike, tazama chemba, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe hakuna risasi. Unapofunga bolti kwa mkono, ubapa wa kiganja cha kulia uzuie mpini wa fimbo wakati kidole gumba kinabonyeza kisukumio (bamba la ndani la kuinulia risasi), na kidole kitoke kwanza. Bolti ikirudi na kukuta kidole gumba bado kimo ndani, ukucha huwa mweusi wiki kadhaa.

Majina tutakayotumia

Fimbo ni kile chuma kirefu cha kulia chenye mpini, kinachotoka kwenye bolti na kupita chini ya mtutu mpaka kwenye silinda ya gesi. Ncha yake ya mbele ndiyo pistoni. Kisukumio ni bamba linaloinua risasi. Komeo la klipu liko kushoto kwa mwili wa bunduki. Kishikio ni kile chuma cha ndani kinachoishika fimbo ibaki nyuma risasi zikiisha.

Jambo moja la muundo ulishike akilini, kwa sababu nusu ya dalili zinarudi hapo: springi ni moja tu kwa kazi mbili. Springi ndefu ya fimbo ndiyo inayorudisha bolti mbele, na ndiyo hiyohiyo inayosukuma risasi ziinuke ndani ya magazini. Ikichoka, bolti hufunga kwa uvivu na risasi huchelewa kupanda, kwa wakati mmoja. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, usitafute mbali.

Dalili: inafyatua, lakini ganda halitoki, au linatoka na risasi mpya haiingii

Hii ndiyo inayoonekana mara nyingi kuliko zote. Bolti haikurudi nyuma vya kutosha. Wakati mwingine ganda hubaki limesimama wima kati ya bolti na chemba kama bomba la moshi. Wakati mwingine linatoka vizuri lakini bolti inajifunga juu ya chemba tupu ilhali klipu bado ina risasi. Yote ni ugonjwa mmoja: nguvu ya gesi haikutosha, au ilitosha ikaliwa njiani na msuguano.

Tazama kwanza maganda yanaangukia wapi. Garand yenye afya huyarusha mbele upande wa kulia, hatua chache kutoka kwa mpigaji. Kila bunduki ina tabia yake, hivyo muhimu zaidi ni mabadiliko: iliyokuwa ikirusha mbali ikianza kudondosha maganda karibu na kiatu chako, imepoteza nguvu.

Sasa anzia mdomoni. Skrubu ya kufuli ya silinda, ile inayoziba mbele ya silinda ya gesi, ikilegea hata nusu mzunguko, gesi huvuja hapo badala ya kusukuma pistoni. Ikaze kwa bisibisi inayojaza mfereji wake sawasawa, si kwa sarafu. Skrubu za mwanzo zina mfereji mmoja. Zile za baadaye zina mfereji wa msalaba na vali ndogo katikati, iliyowekwa kwa ajili ya kurushia gruneti. Vali hiyo ikikwama wazi kwa kutu au masizi, bunduki inageuka ya kuvuta kwa mkono. Ibonyeze kwa ncha ya bisibisi: izame na irudi yenyewe kwa ukali.

Kisha vua silinda utazame tundu la gesi chini ya mtutu. Ni dogo, takribani milimita 2, na si kawaida kuziba, ila bunduki iliyokaa muda mrefu kwenye ile grisi nzito ya ghala inaweza kuwa nayo humo ikiwa imekauka kama ulimbo. Safisha kwa kiyeyushi na kijiti cha mbao. Usilitoboe. Kupanua tundu kunaongeza mapigo yanayofika kwenye fimbo kila risasi, na mtutu hauwezi kurudishwa ulivyokuwa.

Pistoni na silinda vipimwe kwa maikromita. Pistoni mpya huwa na kipenyo cha inchi 0.526, ikishuka chini ya 0.525 gesi inaanza kupita pembeni. Kwa ndani silinda isizidi inchi 0.532. Tofauti ni ndogo kuliko unene wa unywele, na ndiyo maana kusugua pistoni kwa msasa ili ing'ae ni kosa: unaondoa hichohicho unachokipima. Masizi meusi juu yake hayadhuru. Futa kwa kitambaa na kiyeyushi, basi. Ndani ya silinda paachwe pakavu. Mafuta hapo huungua na kuwa lami.

Kama gesi iko sawa, uchunguzi unahamia kwenye msuguano, na hapa kuna jaribio moja linalozidi mengine yote. Halihitaji risasi:

1. Hakikisha tupu, fungua kikinga triga, toa kifungu cha triga, toa mwili na mtutu kwenye mbao.
2. Geuza chini juu, achia springi na ufito wake kutoka kwenye mkono wa kisukumio, uvitoe.
3. Sukuma pini ya mkono wa kisukumio, toa mkono, mwongozo wa risasi, kishikio na kisukumio.
4. Fimbo na bolti zikiwa mahali pake bila springi, funga bunduki kwenye mbao zake pamoja na kifungu cha triga, nyundo ikiwa imerudishwa nyuma.
5. Inamisha mdomo chini polepole, kisha uinue juu. Fimbo na bolti ziteleze zenyewe kwa uzito wao, mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili.

Zikisita, sikiliza zinasita wapi. Kusita katikati ya safari mara nyingi ni fimbo kugusa mbao. Vua utazame mfereji wa upande wa kulia, utaona mstari unaong'aa mahali chuma kinapolamba mti. Kusita mwishoni kabisa, bolti inapozunguka kufunga, ni ukavu au taka kwenye meno ya bolti. Kusita mbele, pistoni inapoingia silindani, ni silinda iliyopinda kidogo kwenye mifereji yake, au fimbo iliyopinda.

Kuhusu fimbo iliyopinda, tahadhari moja: inatakiwa iwe imepinda. Ilitengenezwa na mkunjo ili iukwepe mtutu na kuifikia silinda iliyo chini yake. Wapo walioiweka kwenye vaisi na kuinyosha wakidhani wanaiponya. Kigezo ni jaribio la kuinamisha, jicho litakudanganya. Ikishindwa jaribio baada ya grisi na mbao kuondolewa lawama, ipeleke kwa fundi silaha mwenye kipimo chake.

Na springi? Itoe uilaze kwenye meza bila kuivuta. Nzuri ina urefu wa inchi 19 hadi 20 na robo, yaani sentimita 48 hadi 51. Chini ya inchi 19, badilisha bila huruma. Ni kipuri cha bei ndogo na hakuna mnunuzi atakayekuuliza kuhusu asili yake.

Risasi, na fimbo inayovunjika

Garand haina kirekebishi cha gesi. Ilipangiwa risasi ya jeshi ya .30-06 aina ya M2, yenye kichwa cha grani 150 hivi (karibu gramu 10), na baruti inayoungua kwa kasi fulani. Risasi ya kuwindia ya dukani ina ganda lilelile na inaingia vizuri, lakini nyingi hujazwa baruti ya polepole ili kusukuma kichwa kizito cha grani 180 au zaidi. Shinikizo lake linapofika kwenye tundu la gesi, karibu na mdomo, bado liko juu kupita kiasi. Bunduki haitalipuka, fimbo ndiyo itakayopigwa nyuma kwa nguvu isiyostahili, mara baada ya mara, mpaka ipinde au ipasuke. Dalili zake ni maganda kuruka mbali sana, midomo ya maganda kubonyea, na kisigino cha bolti kuacha alama mpya nyuma ya mwili wa bunduki.

Nunua risasi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya M1 Garand. Ukilazimika kutumia nyingine, zipo skrubu za kufuli zenye tundu la kupunguza gesi; unafungua ya asili, unaihifadhi kwenye bahasha yenye jina, unafunga hiyo. Hakuna chuma kinachoguswa.

Anayejaza risasi mwenyewe hutumia sana baruti za IMR 4895 na IMR 4064, na humalizia kwa kuhakikisha kiwashio, kile kikombe kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, kimezama chini ya usawa wa kitako cha ganda. Sababu inakuja mbele, kwenye hatari.

Fimbo za wakati wa vita zilikuwa na kona kali ya mraba pale sehemu ya mpini inapoungana na ufito wake. Kona kali hukusanya mkazo, na baadhi zilianza kupasuka hapo. Jeshi likazipunguza kona hiyo kuwa mviringo kwenye karakana, moja baada ya nyingine. Ndiyo maana fimbo ambayo haikukatwa, yenye namba D35382, ni adimu na wakusanyaji wanailipia vizuri. Uamuzi wetu hapa hauna utata: fimbo isiyokatwa ikae kabatini, na unapokwenda uwanjani funga ya baada ya vita. Kila baada ya safari pitisha lenzi kwenye kona hiyo. Ufa huanza kama unywele mweusi usiofutika.

Fimbo ikiruka kutoka kwenye njia yake wakati wa kupiga, acha siku hiyohiyo. Kidole chake cha ndani kimelika, au mlango wa kutolea uliopo kwenye njia ya mwili wa bunduki umepanuka. Mpini ukichomoka hapo unapita karibu na uso.

Dalili: risasi sita zinapita, ya saba inakwama ikitazama juu

Hii ina sababu yake ya kipekee. Klipu hubeba risasi 8 zilizopishana safu mbili (John Garand, mbunifu wake, alianza na risasi ndogo ya .276 zilizokaa 10 kwa klipu. Douglas MacArthur akiwa mkuu wa jeshi la nchi kavu mwaka 1932 ndiye aliyeamua .30-06 ibaki). Zikibaki mbili, hakuna tena wingi wa kuzibana ndani ya klipu, na bolti inapoisukuma ya saba, pua yake hupanda juu ya mdomo wa chemba.

Andika namba kwenye klipu zako kwa kalamu, piga kwa nne tofauti, na uandike ipi iligoma. Ikiwa ni ileile kila mara, itupe. Klipu si urithi. Zenye kutu ndani, au zilizofunguka midomo kwa kutumika mara nyingi, hazishiki. Zikigoma zote, rudi kwenye springi, kwa sababu iliyochoka haiwahi kuinua risasi kabla bolti haijafika. Baada ya hapo tazama kisukumio na bamba lake la chini: liteleze bila kukwaruza, na kisukumio kisiwe kimebonyea. Kuta za ndani za mwili wa bunduki zinazoiongoza klipu ziguswe kwa kidole tu. Ukisikia ukwaruzo, ni kazi ya fundi.

Dalili: klipu inaruka na risasi bado zimo

Komeo la klipu halishiki. Kabla ya kulilaumu, angalia mbao upande wa kushoto pale kitufe cha komeo kinapopita. Mti uliovimba kwa unyevu, au uliobadilishwa karibuni na bado haujakatwa sawa, hulibonyeza komeo muda wote na kuiachia klipu kwa mtikisiko wa kwanza. Utaona alama inayong'aa kwenye mti. Kama mti hauligusi, tazama jino la komeo kwa lenzi: linatakiwa kuwa na ukingo mkali, likiviringika limelika. Springi yake ndogo nayo huchoka. Vyote viwili hubadilishwa bila kurekebisha kitu kingine.

Kinyume chake, klipu tupu isiporuka, kirushio cha klipu, ile springi nyembamba iliyo juu ya kifungu cha triga, imepinda au imepoteza nguvu. Na bolti ikijifunga juu ya magazini tupu badala ya kubaki nyuma, aidha haikufika nyuma vya kutosha (rudi juu, kwenye gesi) au kishikio kimelika mdomo.

Dalili: unapakia klipu na bolti haifungi yenyewe

Mara nyingi si tatizo. Klipu iliyojaa huibana risasi ya kwanza, na Garand nyingi nzuri kabisa hutaka mpini ugongwe mbele kwa kisigino cha kiganja. Jeshi lilifundisha hivyo. Likianza ghafla kwenye bunduki ambayo haikuwa na tabia hiyo, angalia grisi.

Bunduki hii inataka grisi, si mafuta mepesi peke yake. Mafuta huoshwa na mvua na kukimbia joto. Ndiyo maana kila askari alipewa kikopo kidogo cha grisi, na wenye Garand wengi mpaka leo wanatumia ileile Lubriplate 130-A. Tia kiasi cha punje ya mchele kwenye kila jino la bolti, ndani ya tundu la fimbo linalozungusha bolti, kwenye njia ya fimbo pembeni mwa mwili, chini ya mtutu pale fimbo inapougusa, na nyuma ya bolti inapokanyaga nyundo. Sogeza bolti mara kumi, futa inayofurika. Ikiishia kwenye chemba au silinda umezidisha.

Dalili: mlio wa nyundo bila mlipuko

Subiri. Hesabu hadi thelathini ukiwa umeelekeza mdomo kwenye shabaha, kwa sababu risasi ya zamani inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe utazame kiwashio.

Alama ikiwa hafifu, jambo la kwanza kuuliza ni kama bolti ilifunga kabisa. Nyundo ya Garand ikikuta bolti haijamaliza kuzunguka, hulipiga umbo la bolti kwanza na kuisukuma ifunge, kisha inabakiwa na nguvu kidogo kwa pini inayogonga kiwashio. Kwa hiyo taka kwenye meno ya bolti hujificha kama ugonjwa wa nyundo. Kama bolti ilikuwa imefunga, fungua bolti utazame njia ya pini: grisi ya ghala iliyoganda humo huibana pini. Pini yenyewe ikague kama imekatika mkia. Springi ya nyundo huwa ya mwisho kushukiwa.

Alama ikiwa nzuri na risasi haikuwaka, shida ni risasi.

Dalili: ganda limeng'ang'ania chemba

Ndoano ya kuvutia ikikatika au kulika, hutoka tupu na kuliacha ganda ndani. Lakini kabla yake, safisha chemba kwa brashi ya shaba ya chemba, ile pana, kwa sababu brashi ya mtutu haifiki kwenye kuta zake. Kutu ya vishimo ndani ya chemba inalishika ganda linapopanuka.

Kutu hiyo mara nyingi ina historia. Risasi nyingi za jeshi la Marekani za .30 zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1950 zina viwashio vinavyoacha chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na viyeyushi vya mafuta haviiyeyushi. Maji ndiyo yanayoiyeyusha. Ukizipiga, siku hiyohiyo pitisha maji ya moto kwenye mtutu, silinda, pistoni, skrubu ya mbele na uso wa bolti, kausha, kisha tia mafuta. Ukingoja hadi kesho katika mji wa pwani utaikuta rangi ya chungwa.

Ganda likitoka, ligeuze kwenye mwanga. Mstari mwangavu unaozunguka sentimita moja hivi juu ya kitako chake una maana kwamba ganda linavutika, nafasi kati ya bolti na bega la chemba imekuwa kubwa. Pima kwa geji: ya GO ni inchi 1.940 na bolti ifunge juu yake. Ya FIELD ni 1.950 na isifunge. Pima bolti ikiwa imevuliwa kirushio chake, maana springi ya kirushio hudanganya kipimo, na ufunge kwa kidole, si kwa kuiachia. Ikifunga juu ya FIELD, isipigwe tena mpaka fundi aione.

Dalili zisizosubiri: mbili kwa mkupuo, au kufyatuka bolti inapofunga

Hapa hakuna majaribio ya uwanjani. Zifungie risasi.

Zikitoka mbili kwa kubonyeza mara moja, toa kifungu cha triga kipime mezani. Rudisha nyundo nyuma, bonyeza triga huku ukiizuia nyundo kwa kidole gumba isipige ovyo, endelea kushika triga, rudisha nyundo tena mpaka ishike, kisha uiachie triga polepole. Utasikia mlio mdogo nyundo ikihamia kutoka ndoano moja kwenda nyingine. Lazima ibaki imesimama. Weka sefti, bonyeza triga kwa nguvu, toa sefti: nyundo isianguke. Ikianguka popote katika hayo, ndoano zimelika, au mtu alizisugua ili triga iwe nyepesi. Usizisugue zaidi. Hata mashindano ya bunduki za jeshi huko Marekani yanadai triga ibebe angalau ratili 4.5, karibu kilo 2. Badilisha nyundo na triga, peleka zikaguliwe.

Kufyatuka bolti inapofunga ni kitu kingine. Pini ya Garand haina springi. Inaelea, na bolti ikisimama ghafla pini husogea mbele na kukigusa kiwashio. Ndani ya mwili wa bunduki kuna daraja linaloizuia pini mpaka bolti izunguke. Daraja na mkia wa pini vikilika, kinga hiyo inapungua. Kiwashio laini cha raia, au kilichochomoza juu ya kitako cha ganda, humalizia kazi. Kwa sababu hiyo usiweke risasi moja chemba kwa mkono kisha ukaiachia bolti ijipige. Inapotoka kwenye klipu, msuguano hupunguza kasi ya bolti. Kwa risasi moja moja kipo kifaa kidogo kinachokaa mahali pa klipu.

Dalili: haipigi pale ilipokuwa ikipiga

Vilengeo kwanza. Panda kilengeo cha nyuma mibofyo kumi na mbili, kisha kibonyeze chini kwa kidole gumba kwa nguvu. Kikishuka, ndicho kinachoshuka kila risasi. Kaza nati yake ya upande. Za mwanzo zina ufito wa kufungia, za baadaye zinajibana zenyewe.

Halafu silinda ya gesi: ishike uizungushe kwa mkono. Kilengeo cha mbele kimekaa juu yake, hivyo silinda ikicheza, kilengeo kinacheza nayo.

Kisha mbao. Funga kikinga triga polepole: kinatakiwa kuanza kupinga kabla hakijafika, na sehemu ya mwisho uisukume kwa nguvu. Kikifunga kama mlango wa kabati, mti umelegea, na mwili wa bunduki unahama kila mlio. Mbao za ziada za kupigia zinanunuliwa. Zile zenye mihuri ya kiwandani, kama herufi GHS za mkaguzi au P ndani ya duara, ziache na mihuri yake. Msasa haupiti hapo. Mafuta ya kitani kidogo kwa kiganja yanatosha.

Mwisho ni mdomo wa mtutu, na hapa Garand ina laana yake. Haisafishwi kutoka nyuma; ufito lazima uingie mdomoni. Miaka ya mafunzo, askari waliusukuma ufito wa chuma wa vipande ukilamba ukingo uleule, na mitutu mingi ilichakaa mdomoni wakati koo bado nzima. Chukua kichwa cha risasi pekee, bila ganda wala baruti, ukiingize mdomoni: kikizama karibu chote, ukingo umekwisha. Geji itakupa hesabu kamili. Ukisafisha, tumia ufito wa kipande kimoja wenye mwongozo wa plastiki unaokaa mdomoni, na uifute mwongozo kila mara, maana mchanga unaonasa hapo hufanya kazi ya tupa.

Unapoihifadhi, acha kikinga triga kimefunguliwa kidogo. Mti unaobanwa miaka mitano mfululizo hunywea, na bunduki iliyofungwa vizuri jana ndiyo itakayokuja kulegea.